Miwani Inayolala Shuleni

Mwalimu Chepkorir aliweka karatasi mbili za mtihani juu ya meza akaniambia nisome jina lililoandikwa juu ya kila moja. Zote mbili ziliandikwa Chepchirchir. Moja ilikuwa ya Chepchirchir mwenyewe, mtoto wa jirani yetu, ambaye ameketi dawati moja na binti yangu tangu gredi ya kwanza. Ya pili ilikuwa na mwandiko mkubwa uliolala upande, mwandiko ninaoujua. Ilikuwa ya binti yangu Wanjiru.

"Ame-copy kila kitu, Mama Wanjiru," mwalimu akasema. "Mpaka jina. Na si ati hajui kuandika jina lake, anajua vizuri. Ni vile amezoea kuangalia kwa mwenzake na kuandika bila kufikiria. Kwa ubao haoni kitu."

"Haoni?"

"Nilimkalisha peke yake wiki iliyopita. Akaniletea karatasi haina hata nukta."

Nilijua kwamba mzazi anayeambiwa maneno kama hayo hushtuka. Nilisubiri nishtuke. Nikaangalia zile karatasi, nikaangalia viatu vya mwalimu vilivyokuwa na udongo mwekundu, nikasema asante, nimesikia. Tangu tumzike mama mkwe nilikuwa kama mtu aliyechomwa ganzi na daktari wa meno. Shavu unalo, unaligusa kwa kidole, lakini halina habari nawe.

Nieleze jambo la jina, maana bila hilo mume wangu ataonekana mjinga, na Ephantus si mjinga. Kwetu Wakikuyu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Wengine huliona hilo kama heshima tu kwa wazee, lakini kwa watu wa nyumba ya Ephantus ni zaidi ya heshima. Mtoto ni yule nyanya mwenyewe, amezaliwa tena hata kama nyanya bado yuko jikoni anamenya viazi. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza Ephantus alimwita binti yetu maitu, yaani mama yangu. Jina Wanjiru hakulitamka hata siku moja, kwa sababu mtu hamwiti mama yake kwa jina. Nikimkemea mtoto kwa kumwaga maziwa, Ephantus ananiuliza kama sina haya kumgombeza mama mkwe wangu. Tulikuwa tukicheka.

Mama mkwe naye aliishi nasi hapa karibu na Kapkatet, kwenye shamba dogo la chai ambalo marehemu mume wake alilinunua zamani. Presha ya macho ilimla polepole, na miaka yake ya mwisho hakuona hata mwanga wa dirisha. Ephantus ndiye aliyekuwa macho yake. Alikuwa anafunga duka letu la chakula cha mifugo kusudi tu amtembeze. Mama aliweka mkono kwenye kiwiko cha mwanawe na wakaenda hivyo kanisani, sokoni, kwa majirani, Ephantus akimsimulia njia yote. Hapa kuna dimbwi. Yule anayekuja ni Muriuki wa kinyozi, amenyoa ndevu. Chai ya huyu imepogolewa, imebaki vijiti tu. Alipofariki mwaka jana baada ya mvua za masika, nilimwona mume wangu akitembea kutoka kaburini na mkono wake bado umekunjwa, kiwiko kimetokezea upande, na hakuna aliyekishika.

Kisha mtoto akaanza kupapasa. Sijui kama macho yake yaliharibika wakati huo ama ndio tulianza kuangalia. Alikuwa analeta kikombe mpaka puani kuona kama kina chai. Alikuwa anapita varanda mkono ukiwa ukutani. Mtu akiingia alikaa kimya, hamsalimii mpaka asikie sauti yake. Siku Ephantus alipomwona akiugusa mlango kwa vidole kabla ya kuusukuma, alitabasamu, na hilo lilikuwa tabasamu lake la kwanza tangu mazishi.

"Mwone," akaniambia. "Maitu amerudi kabisa."

Aliwaambia watu. Akina mama wa kanisa walikuja na mikate, wakamtazama mtoto akitafuta kiti kwa mkono, wakasema kweli ni yeye, hata vile anainamisha kichwa. Walifurahi. Jumamosi Ephantus alimpa binti yake kiwiko na wakateremka pamoja hadi dukani, akimsimulia madimbwi na watu na chai za watu. Nilikuwa nikiwatazama kutoka jikoni. Niliona kwamba mume wangu ana dawa, nami sikutaka kumnyang'anya mgonjwa dawa.

Jioni mambo yalikuwa tofauti. Sala ya chakula siku zote ilikuwa ya mama mkwe, ndefu, yenye kutaja majina ya kila mtu hadi ng'ombe. Sasa Ephantus ndiye anayeomba, kwa maneno matatu manne. Akisema amina na kuinua kichwa, uso wake unakuwa umelowa. Hatoi sauti. Hapangusi. Anakula machozi yakishuka hadi kidevuni, kila jioni, kama kwamba huo ni ulaji wa kawaida. Mimi nilikuwa naangalia chumvi. Mtoto, upande wa pili wa meza, alikuwa anaendelea kula na kusimulia ya shule kana kwamba hakuna kitu, nami nikashukuru kwamba nimemlea na adabu.

Jioni ya siku hiyo niliyoitwa shuleni nilimwambia mume wangu maneno ya mwalimu. Alikuwa na majibu mawili tayari.

"Haoni namna gani? Jumamosi si alichuna majani na sisi? Uliona kapu lake. Majani mawili na chipukizi, hakuna hata jani moja kuukuu. Pale kituo cha kupimia chai karani alisema mtoto anachuna kushinda watu wakubwa. Sasa jicho haioni namna gani na inachagua chipukizi?"

Ni kweli, kapu la Wanjiru lilikuwa safi. Alikuwa anachuna na uso wake umezama ndani ya mchai, pua karibu iguse majani. Wote tuliona hilo na tukaliita bidii.

"Na ubao?" nikauliza.

"Ubao ni vile maitu alikuwa. Vitu vya mbali hakuwa anaviona. Tutamfanya nini? Amekuja na macho yake."

Basi mtoto alikuwa anaona vizuri kwa sababu anachuna chai, na hakuwa anaona kwa sababu ni mama yake. Mume wangu aliyaamini majibu yote mawili kwa wakati mmoja. Sikubishana. Sikuwa na nguvu ya kubishana na mtu anayetabasamu mara moja kwa siku.

Nilimpeleka mtoto hospitali bila kumwambia Ephantus. Daktari wa macho, kijana mpole anayeitwa Bethwel, alimziba Wanjiru jicho moja akamwonyesha chati ya herufi zilizogeuzwa huku na kule, aonyeshe kwa mkono miguu ya herufi imeelekea wapi. Kwa jicho la kulia alijitahidi akamaliza mstari mmoja. Kwa la kushoto alisema kuna karatasi nyeupe. Bethwel akamvisha fremu nzito ya chuma, akawa anatumbukiza vioo na kuvitoa, anatumbukiza vingine. Mtoto alikaa wima, mikono magotini. Halafu, bila kuulizwa, akaanza kusoma bango lililokuwa ukutani nyuma ya daktari, lile la kunawa mikono. Akalisoma lote, taratibu, mpaka namba ya simu iliyokuwa chini.

Miaka yote hiyo nilidhani binti yangu hajui kusoma.

"Hii si ile ya nyanya yake," Bethwel akasema nilipomweleza. "Nyanya alikuwa na presha. Huyu haoni mbali, ni hivyo tu, lakini ni mbaya sana, na imekaa bila miwani. La kulia liko sawa, litaona. La kushoto ubongo umeanza kulipuuza. Akivaa miwani kutoka asubuhi hadi alale, kuna tumaini, bado ni mdogo. Tukichelewa, hilo jicho hata umpe miwani gani halitaamka."

"Na haihusiani na nyanya yake? Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

Nilitoka hapo nikijua nitamwambia Ephantus habari za jicho la kushoto lakini hii nyingine nitakaa nayo. Kumwambia kwamba macho ya mtoto hayana uhusiano na ya mama yake ilikuwa ni kumwambia achimbe kaburi mara ya pili.

Miwani ilitoka Kericho, fremu ya zambarau, vioo vinene. Nilimvisha mtoto nikaingia naye dukani mchana. Ephantus alikuwa anapima chakula cha ng'ombe. Aliweka kijiko cha kupimia chini, akapangusa mikono kwenye aproni, akaivua ile miwani polepole kutoka masikioni mwa mtoto, akaikunja na kuitia kwenye mfuko wa shati lake.

"Maitu hakuwa anavaa miwani," akasema.

"Maitu alikuwa kipofu," nikasema, kwa sauti ya mtu anayeagiza sukari.

Mteja alikuwepo, Phyllis wa hoteli, akajifanya anasoma maandishi ya gunia. Ephantus alingoja mpaka akaondoka. Nikamweleza habari ya jicho la kushoto, yote, kama nilivyoambiwa. Alisikiliza hadi mwisho.

"Usiniondolee," akasema.

Hakusema usimwondolee mtoto kitu. Alisema usiniondolee mimi, kisha akaokota kijiko na kuendelea kupima. Jioni miwani ilikuwa juu ya kabati, kando ya Biblia ya mama yake. Nilipaswa kukasirika, na mtu mwingine angekasirika kwa niaba yangu. Nilipanda kwenye kiti asubuhi, nikaishusha, nikaipeleka shuleni.

"Basi ilale hapa," Mwalimu Chepkorir akasema baada ya kunisikiliza. Hakunihukumu, wala hakumtukana mume wangu. Alichukua boksi tupu la chaki, akatandika kitambaa ndani, akaiweka miwani. "Asubuhi nampea, jioni narudisha. Mzee hatajua."

Ikawa hivyo muhula mzima. Wanjiru alihamishiwa dawati la mbele, upande ambao jua halipigi ubao. Mwalimu alianza kumwandikia maneno makubwa kwenye karatasi za manila kwa ajili ya jicho lile zembe, akizibandika ukutani mbali kidogo kila wiki. Chepchirchir alikuwa amezoea kumsomea ubao kwa sauti ya chini na sasa alinuna kwa sababu hasikilizwi tena. Watoto walimwita Profesa kwa siku kadhaa, kisha wakachoka. Kwenye mtihani wa katikati ya muhula aliandika jina lake mwenyewe, na alama zilikuwa zake mwenyewe, si nyingi, si chache. Mwalimu aliniita dirishani nimwone akisoma ubaoni. Nikamwona. Nikasema asante.

Jioni miwani iliingia kwenye boksi la chaki, na mtoto akarudi nyumbani na macho ya nyanya yake. Siku moja nilikuwa nyuma yake njiani na hakujua. Alikuwa anatembea haraka, anaruka madimbwi, maana njia anaijua kwa miguu. Alipokaribia duka akapunguza mwendo. Akainamisha kichwa kidogo. Akanyoosha mkono mbele, na Ephantus akatoka nje na kiwiko chake tayari.

Nilimuuliza usiku huo huo, tukichambua sukuma wiki kabla ya kupika. "Mlango wa jikoni unaujua. Kwa nini unaupapasa?"

"Baba anapenda," akasema.

Nilijua neno hilo lilipaswa kunichoma. Nikaling'oa jani lililoliwa na wadudu, nikaliweka kando, nikachukua lingine.

Muhula ulipokaribia kuisha tulirudi kwa Bethwel. La kulia lilikuwa zuri. La kushoto lilikuwa pale pale alipoliacha.

"Nyumbani anavaa?"

"Havai."

Akazungusha kalamu. "Saa za shule hazitoshi, mama. Jioni jicho linarudi kulala, wikendi linalala, na sasa mnafunga shule. Mwezi mzima. Mimi sijui shida iko wapi kwenu, lakini hilo jicho mnalipoteza. Nitakuwa nakudanganya nikisema kitu ingine."

Siku ya kufunga shule Mwalimu Chepkorir alitoa miwani kwenye boksi la chaki na kuiweka kwenye kiganja changu, akavikunja vidole vyangu juu yake.

"Likizo siwezi kaa nayo," akasema. "Mimi nimefika mwisho wa kwangu. Huko nyumbani siwezi ingia."

Tulipitia njia ya mashambani, tusipite dukani. Wanjiru alivaa miwani yake tangu langoni. Alikuwa anatazama mabati ya watu, na kamba za nguo, na ng'ombe waliokuwa mbali upande wa pili wa bonde. Tulipofika mlangoni aliinua mikono miwili kuivua, kama alivyozoea.

"Usivue," nikasema.

"Baba atasema nini?"

"Sijui."

Akaniangalia. Ndani sikuwa na ujasiri wala hofu, nilikuwa nimechoka tu kupanda kwenye kiti.

Nilipika githeri nikaweka mezani mapema, taa ikiwa inawaka. Ephantus alikuja kutoka dukani, akafungua mfereji wa nje akanawa mikono, akaingia ameinamisha kichwa kama kawaida yake siku hizi, akavuta kiti. Hakutuangalia. Tukafumba macho. Aliomba yale maneno yake matatu manne, akashukuru kwa chakula, akanyamaza kidogo mahali ambapo mama yake angeanza kutaja majina. Akasema amina.

Alipoinua kichwa aliona vile vioo vinene vinamtazama kutoka upande wa pili wa meza. Mkono wake ulivuka sahani mara moja, kiganja wazi, ukiitaka miwani.

Wanjiru hakuutazama mkono. Alikuwa anatazama uso.

"Baba, unalia," akasema.

Ephantus hakusogea. "Ni moshi."

"Moshi hakuna. Naona mpaka kwa ukuta."

Mkono ulibaki pale juu ya meza. Mtoto akamtazama paji la uso, mashavu, kidevu, kila mahali maji yalipopita, bila haraka, kama anavyosoma karatasi za manila. Nikaona akihesabu kitu kichwani, jioni na jioni, githeri na ugali, na hadithi zote za shule alizozisimulia kwenye meza hiyo akicheka.

"Ni leo tu," akauliza, "ama ni kila siku?"

Ephantus akaurudisha mkono wake. Ulirudi mtupu. Aliupitisha usoni, kwanza upande mmoja, kisha mwingine, mara ya kwanza mbele yetu.

"Kula, Wanjiru," akasema. "Chakula itapoa."

Mtoto alishtuka kwa kusikia jina lake kinywani mwa baba yake. Akachukua kijiko. Hakula. Akanigeukia mimi, ile miwani ya zambarau ikiwa imeteleza kidogo puani, na nyuma ya vioo macho yake yalikuwa madogo na yanaona kila kitu.

"Mum, na wewe ulikuwa unaona?"

Nilitafuta chumvi. Ilikuwa mbele yangu.

"Ndio," nikasema. "Nilikuwa naona."

Ndipo ganzi ikaanza kutoka, na ikauma.